Ushanga wa Bi Somoe wa Wepesini

Nilikaa Wepesini siku nne. Namna nilivyofika sitaieleza, maana mwenyewe siijui. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeinamia hadubini nikitazama tone la maji ya bahari, kama nilivyofanya kwa miaka ishirini na miwili, na mara nikawa silitazami tena, nimo ndani yake. Naitwa Mwatumu binti Faki, mwenyeji wa Mkoani, Pemba. Kazi yangu ilikuwa kuchuja maji katika kituo kimoja cha utafiti wa bahari, kubandika chupa majina na kuandika tarehe. Si hodari wa kubuni mambo. Nitayasema niliyoyaona kwa mfuatano ule ule nilivyoyaona.

Wepesini hakuna ardhi. Juu kuna mwanga, chini kuna buluu inayozidi kukolea mpaka ikawa kiza, na watu wanaishi katikati, wakielea kama vumbi linavyoelea kwenye mwale wa jua unaopenya dirishani. Ngozi zao ni za kijani cha jani changa, na ukimtazama mtu unamwona aliye nyuma yake. Sikuona jiko hata moja. Jua likipanda hufumba macho, wakafungua viganja, wakashiba. Hakuna anayeharakia popote, kwa sababu mkondo unawapeleka wote pamoja, na aliye karibu nawe asubuhi ndiye aliye karibu nawe jioni.

Mara kwa mara hupita makundi ya majitu yenye ndevu ndefu na miguu mingi. Niliyatambua: ni vidudu vya jamii ya kamba, ambavyo kwetu havifiki hata ukubwa wa ukucha. Kila yakipita, watu ishirini au thelathini hawaonekani tena. Wenyeji huyaongelea kama sisi tunavyoongelea mvua. "Leo wamepita mapema," husema, kisha wakaendelea na mazungumzo.

Kiunoni kila mtu amevaa uzi wa shanga. Nilidhani ni pambo, kama kwetu. Kumbe kila ushanga ni ujuzi. Mmoja ni wa kushika mwanga, mwingine wa kuziba jeraha, mwingine wa kukataa chumvi isizidi mwilini. Mtoto akizaliwa, mama hunakili uzi wake ushanga kwa ushanga, akamfunga nao. Asiye na ushanga wa jambo fulani haliwezi jambo hilo, na hata ukimfundisha hafundishiki.

Kitu cha kwanza kilichonipata ni kupimwa. Maofisa wawili wa Nyumba ya Mizani walinishika kiuno, na hapo ndipo nilipoona kwamba nami nimevaa uzi. Ulinizunguka mara nyingi hata sikuuona mwisho wake. Walianza kuhesabu, wakachoka, wakaitana, wakachoka wote.

"Bibi," mmoja akaniuliza kwa upole, "hizi zote za nini?"

"Sijui, baba. Nimezaliwa nazo."

"Na hizi zilizovunjika?"

"Nazo nimezaliwa nazo."

Wakatazamana kama watu waliomwona mgonjwa. Niliandikiwa kibali cha siku nne kwa sababu ya ugeni, nikaonywa nisielee juu ya watoto, na nikapewa msichana wa kunisindikiza. Msichana huyo aliitwa Tufaha. Alikuwa Mkata Shanga wa Nyumba ya Mizani, na mkasi wake ulining'inia kifuani kama nishani. Uzi wake ulikuwa mfupi kuliko zote nilizoziona. Ulizunguka kiuno mara moja, na fundo lake lilishika kwa shida.

Tufaha ndiye aliyenieleza sheria ya nchi. Ni sheria moja tu, na ni fupi: Linalowezwa na jirani, usilibebe.

"Huku kila anachokitengeneza mtu huvuja, mama," alisema. "Jirani akitengeneza dawa ya kidonda, nusu inamtoka, inanifikia mimi. Sasa mimi nibebe ushanga wa dawa wa nini? Nikiukata, uzi wangu unapungua. Nikizaa, nanakili upesi. Tena mwepesi huelea juu, karibu na jua. Wewe ungefanyaje?"

Nilikiri kwamba ningekata. Sikuona upumbavu wowote katika hoja yake, na hadi leo nikiipitia kipande kwa kipande sioni palipo na kosa.

Basi vizazi kwa vizazi wamekuwa wakikata. Watu wakikutana hawaulizani habari. Mmoja husema, "Umepungua?" na mwenzake hujibu, "Nimepungua, tunashukuru." Tusi kubwa kuliko yote ni kumwita mtu mzito. Mtoto akikatwa ushanga wake wa kwanza hupigiwa vigelegele, na ushanga wenyewe huachiliwa uzame kizani, ambako hakuna aliyewahi kwenda kuutazama.

Siku ile ya kwanza, jua lilipofika utosini, nilihisi ladha ngeni ulimini, kama nimeuma ndizi mbichi. Ule ukakasi. Ulinibana mashavu, ukakaa kidogo, kisha ukafifia. Nikamuuliza Tufaha ni nini.

"Jua likiwa kali, maji hufanya ukakasi," akajibu. "Ukizidi huchubua ngozi. Lakini hauzidi. Huondoka wenyewe."

"Huondoka vipi?"

"Wenyewe," akasema tena, na akageuza uso.

Mimi nina tabia moja mbaya. Kabla ya kuyapima maji, huyaonja. Mkuu wa kituo alinikataza mara nyingi, lakini ulimi wangu umejifunza mambo ambayo vyombo vyake havikujua. Nikaonja kushoto, nikaonja kulia, na nikaona kwamba upande wa chini, kwenye buluu, maji yalikuwa matamu zaidi. Nikaufuata utamu ule. Tufaha alinifuata akinung'unika kwamba huko hakuna cha kutazama.

Chini kabisa ya nchi, mahali ambapo mwanga umechoka, alikuwapo mwanamke mmoja peke yake. Alikuwa mnene, rangi yake imekolea, na uzi wake wa shanga ulimzunguka mara tatu. Alikuwa amefungua kinywa akinywa maji taratibu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Maji yaliyompita yalikuwa matamu hata nikatamani kulia.

"Nani huyo?" nikamnong'oneza Tufaha.

Akasema, "Ni Bi Somoe. Mama yangu."

Bi Somoe hakuacha kunywa mpaka jua lilipopita utosi. Ndipo akafuta midomo, akanitazama kiuno, akacheka.

"Shoga, wewe ndiye mzito kweli! Karibu. Kaa. Nimepata mwenzangu leo."

Akanieleza kwamba yeye ndiye wa mwisho mwenye ushanga wa ukakasi. Zamani walikuwa wengi, kila ukoo na wake. Mmoja akakata kwa sababu jirani anao, jirani naye akakata kwa sababu hiyo hiyo. Mabinti zake tisa wote walizaliwa nao na wote waliukata. Tufaha aliukata hadharani, siku alipoomba kazi ya mkasi.

"Kwa hiyo unainywea nchi nzima," nikasema, nikidhani namsifu.

"Nani kakwambia? Nakunywa kwa ajili ya koo langu mwenyewe. Nisipokunywa nitachubuka. Kinachozidi kinawafikia wao, siwezi kukizuia. Usinifanye walii, shoga. Mimi ni mama tu, na mgongo unaniuma."

Tufaha alikuwa amesimama pembeni, akichezea mkasi. Bi Somoe akamwita, "Umekula, mwanangu?" Akajibu kwamba amekula. Hawakusemezana zaidi ya hapo.

Asubuhi ya pili kivuli kiliingia juu ya nchi nzima. Kilikuwa kikubwa hata nikadhani jua limepatwa. Watu wakaanza kupaza sauti, "Neema! Neema!" na wakapanga mistari. Alikuwa nyangumi. Alipita polepole juu yetu kama nchi nyingine inayohama, akiimba kwa sauti nzito iliyotupenya mbavuni, na alipofika katikati akatoa kwa nyuma wingu jekundu likaanza kutushukia kama vumbi la kutu. Kwao hilo ndilo jambo takatifu kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna chuma, na bila chuma hata ushanga wa kushika mwanga haufanyi kazi. Nyangumi hukila kwenye kina, hukileta juu. Mimi nilijua ile Neema ni kitu gani hasa, lakini mgeni hasemi kila anachokijua.

Safari hiyo wingu lilikuwa jembamba. Wengi walipata chembe moja moja. Ndipo macho yote yakashuka chini yakamwona Bi Somoe amekinga mikono miwili, anameza fungu la watu arobaini.

Nilisikia mnong'ono ukienda kutoka mtu hadi mtu. "Mzito anatumalizia chuma." Kufika jioni haukuwa mnong'ono tena.

Baraza likaitishwa siku ya tatu, alfajiri. Wote walijipanga duara kubwa, na katikati akaelea Bwana Ngwali, Mpunguzaji Mkuu wa nchi. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya upole, alimsalimu Bi Somoe kwa heshima, na aliponiona mimi aliinamisha kichwa.

"Ndugu zangu," akasema, "hakuna anayemchukia bibi huyu. Lakini chuma ni kidogo. Yeye anakula cha watu arobaini. Tunauliza tu: kwa ajili ya nini?"

"Ukakasi," akajibu mwanamke mmoja aliyebeba pacha wachanga, mmoja kila ubavu. "Akikatwa, ukakasi utanywewa na nani?"

"Na jirani," akasema Bwana Ngwali.

"Jirani yupi?"

"Swali zuri. Hebu kila mtu amwonyeshe jirani yake."

Kila mtu akanyoosha kidole kwa aliye kushoto kwake. Kidole kikazunguka duara zima bila kukatika, kikarudi kilipoanzia.

"Mmeona wenyewe," akasema Bwana Ngwali kwa furaha ya kweli. "Hakuna hata mmoja aliyekosa jirani."

Watu wakapumua. Yule mama wa pacha naye akapumua, ingawa nilimwona akihesabu tena kwa macho.

Niliomba kusema. Nikaeleza nilivyoonja maji, juu na chini, kulia na kushoto, na kwamba utamu wote ulianzia kwa Bi Somoe. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, Bwana Ngwali akaniambia kwamba kwa desturi yao neno la mtu hugawanywa kwa uzito wake, ili wazito wasiwaonee wepesi. Karani akapiga hesabu kwa muda mrefu kwa sababu ya wingi wa shanga zangu. Mwishowe akatangaza kwamba ushahidi wangu ni sawa na kikohozi kimoja. Ukaandikwa hivyo: mgeni amekohoa.

Bi Somoe akaulizwa kama ana la kujitetea. Nilitarajia atawatolea ukali wote aliokuwa nao. Akasema:

"Nikateni."

"Nimechoka," akasema. "Siku zote nimengoja mtu mmoja aje aseme, Bi Somoe, usikatwe. Nilidhani leo atatokea. Amekohoa mgeni peke yake. Basi nikateni, nami nikaone hilo jua mnalolisifu."

Mkata Shanga alikuwa Tufaha. Akashuka na mkasi. Bi Somoe mwenyewe alimwonyesha ushanga wenyewe, mweusi, mkubwa kama kokwa ya ubuyu, akaushika uzi akaukaza ili mwanawe asipate tabu. Mkasi ukalia. Tufaha akanyoosha ngumi juu ya kiza, kama ilivyo desturi, na vigelegele vikapigwa. Sikuutazama mkono wake. Nilikuwa namtazama mama.

Bi Somoe alianza kupanda. Alipanda polepole, kisha upesi, mikono wazi, akatupita sote akaingia kwenye mwanga ambao hakuwahi kuufikia tangu ujana wake. Alikuwa anacheka. "Kumbe huku juu ni kuzuri hivi!" aliita. "Mwatumu! Kumbe ndiyo maana hawakutaka kushuka!" Na kwa kweli alipendeza kule juu, amekuwa wa kijani kama wenzake, na watu waliokuwa wakimnong'ona wakamshika mikono wakamzungusha. Kwa saa chache sikumwona mtu mwenye huzuni Wepesini ila mmoja, naye alikuwa amefumba ngumi.

Kisha jua likafika utosini.

Ukakasi ulikuja kama siku zote. Watu wakasubiri uondoke wenyewe. Haukuondoka. Ukapanda, ukabana, na nilianza kusikia kikohozi huku na huku. Kijani chao kikaanza kugeuka kahawia pembeni kama jani lililopitiwa na moto. Watoto walishika makoo. Mmoja mmoja watu wakageuka kushoto wakimtazama jirani, naye jirani alikuwa amegeuka kushoto.

Bwana Ngwali akatoa tangazo kwamba hakuna ukakasi. Kilichopo ni ladha mpya ya maji, na wananchi wataizoea.

Bi Somoe aliniangukia mikononi kutoka juu. Ngozi ya mabega yake ilikuwa inabanduka. "Sasa ndiyo najua," alininong'oneza. "Kumbe ndivyo wangekuwa." Nikamkumbatia mpaka jua likateremka. Mpaka wakati huo watu wengi walikuwa wamezama, wazee na wachanga hasa, wakienda chini taratibu bila sauti, kama theluji niliyoiona kwenye picha. Mmoja wa wale pacha alikuwa hafungui tena macho. Mama yake alikuwa akimpuliza usoni.

Ni hapo nilipotambua jambo. Mimi sikuwa nimeumia. Nilihisi ladha tu, ngozi yangu ilikuwa nzima. Mahali fulani katika uzi wangu usio na mwisho palikuwa na ushanga kama wa Bi Somoe, nami nimeubeba maisha yangu yote bila kujua. Nilizitafuta shanga zangu moja moja mpaka vidole vikauma. Hazikuwa na majina. Ninao, lakini sikujua ni upi, na usichokijua huwezi kumnakilia mwenzako.

Bwana Ngwali naye alikuwa ameona kwamba mgeni hajaumia. Alikuja asubuhi ya nne, sauti imemkauka, ngozi ya shingo imechubuka. Tufaha na mama yake walikuwa pamoja nami.

"Bibi mgeni," akasema, "tunakuomba ukae. Sheria inakataza mwananchi kubeba mzigo. Haisemi kitu juu ya mgeni. Utakunywa mchana, utapewa chuma chote utakacho, na tutakuita Mzito wa Heshima."

Sitadanganya: nilitaka kukubali. Pale palikuwa pazuri kuliko pote nilipowahi kukaa. Kwetu nilibakiwa na miezi mitatu nistaafu, na sikumbuki kama niliwahi kuombwa na mtu nibaki mahali. Nilifungua kinywa niseme ndiyo.

"Na yeye naye akiondoka?" Tufaha akauliza.

"Tutatafuta mgeni mwingine," akasema Bwana Ngwali.

"Na siku mgeni asipokuja?"

"Mwanangu, hayo ya kesho..."

"Jana nimewahesabu, bwana. Niliwaona wakizama. Wengine niliwakata mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Akaufungua mkono. Kiganjani, umemwachia alama nyekundu kwa kubanwa siku nzima, palikuwa na ule ushanga mweusi.

"Niliukata, lakini kuuachia nilishindwa," akamwambia mama yake. "Vidole vilikataa. Nikaona haya kusema."

Bi Somoe alivuta uzi wa Tufaha autazame. Ulikuwa mfupi mno. Hata ushanga mmoja usingeenea. Basi akajifungua uzi wake mwenyewe, akakata kipande kitupu pale ushanga ulipokuwa, akakiunga kwenye uzi wa binti yake kwa fundo ambalo vijana wa nchi ile walikuwa hawalijui tena.

"Ukivaa hicho, binti," akasema Bwana Ngwali, "kazi yako imekwisha. Na hapa juu hutakaa tena."

"Najua, bwana." Tufaha akauvua mkasi shingoni akampa. "Shika."

Akavaa. Palepale akaanza kuzama. Bi Somoe, ambaye sasa ni mwepesi, alimshika mkono ili ashuke naye. Kila mara alitaka kuelea juu, na binti akamvuta chini. Nikawafuata. Mama alikuwa amehifadhi chembe za chuma cha juzi katika pembe ya kinywa. Akamlisha mwanawe kama ndege anavyolisha kinda.

Adhuhuri ikaingia. Tufaha akafungua kinywa, akameza, akapaliwa, akatapika.

"Polepole," mama yake akasema. "Usinywe kama mtu anayekimbizwa. Acha yaje yenyewe."

"Yanachoma, mama!"

"Yanachoma. Endelea."

Nami nikakaa upande wa pili nikanywa, kwa nguvu zangu zote, bila kujua ni ushanga gani unaonisaidia. Mgongo uliniuma kweli. Kwa muda mrefu sikuona tofauti yoyote. Kisha nikaonja kando ya Tufaha, na maji yalikuwa matamu: mduara mdogo, hauzidi ukubwa wa ua wa nyumba.

Watu wakauhisi. Wakaanza kushuka kutoka kwenye mwanga, mmoja mmoja, wakijilazimisha kwa sababu wepesi wao ulikuwa ukiwarudisha juu. Walishikana. Walioshika mkono wa Tufaha ndio waliowazuia wengine. Mama wa pacha alikuja na mtoto mmoja. Wa pili hakuja naye. Alimweka yule mzima mbele ya Tufaha.

"Mnakilie," akasema.

"Atakuwa mzito, dada."

"Mnakilie."

Tufaha akanakili, kati ya kumeza na kumeza, na Bi Somoe akafunga fundo. Mtoto akalia kwa uzito, na mama yake akalia kwa sababu mtoto amelia. Mwingine akasogea, akanyoosha uzi wake. Akasogea wa tatu, akasema kwamba ana mabinti wawili, amfunge mmoja tu, yule mwingine abaki mwepesi, huenda akapata kazi ya serikali. Bi Somoe akacheka hata akaanza kuelea, ikabidi tumshike miguu.

Bwana Ngwali aliingia kwenye mduara mwisho kabisa. Alisimama ametugeuzia mgongo, mkasi mkononi, kama mtu aliyekuwa akimngoja mwingine. Hakuna aliyemtoa, wala hakuna aliyemkaribisha. Niliona mabega yake yakilegea maji matamu yalipomfikia. Alipoondoka sikumwona, niliambiwa tu kwamba kesho yake Nyumba ya Mizani ingefunguliwa kama kawaida, na kwamba karani alikuwa amepata ufumbuzi: Tufaha ataandikwa daftarini kuwa ni watu wawili, kila mmoja na nusu ya uzito wake, na kwa hesabu hiyo hakuna sheria iliyovunjwa.

Kibali changu kilikuwa kinakwisha. Nilianza kuhisi kitu kinanivuta juu, si wepesi, maana sikuwa nao. Ni mwanga tu uliokuwa ukiniita kwa jina langu. Sikujua kama watu wanne wenye ushanga ule wangetosha nchi nzima, na hata sasa sijui. Nikamuaga Bi Somoe. Alinibusu paji la uso, akanisihi nipunguze kuonja onja maji ya watu. Kisha nikamwinamia Tufaha. Alikuwa chini kabisa, kwenye buluu, ngozi imechubuka kidevuni, tumbo limefura, jasho linamtoka ndani ya maji.

"Unajuta, mwanangu?" nikamuuliza.

Akameza kwanza.

"Niulize jua likishuka, mama," akasema. "Sasa hivi nina kazi."

Akafungua kinywa tena.